Kila Mita Ina Bei

Jomvu Kuu ni mji wa kale uliokaa kando ya maji yasiyonyweka. Hori ya Tudor inaingia hadi kwenye mikoko yetu, na ukiipa mgongo, ardhi inapanda kwenda Rabai na Mazeras. Chini ni mwamba wa tope gumu, ule ule ulioko chini ya Changamwe, na anayechimba kisima humo mara nyingi hupata maji yenye chumvi, ya kufulia na kunyweshea bamia, si ya kupikia chai. Nilizaliwa hapo mwaka 1954. Baba alikuwa mvuvi wa horini, mama alilima kibustani nyuma ya nyumba, na maji ya kibustani hicho yalipanda kwa kamba na ndoo, mikononi mwetu watoto.

Maji matamu tuliyapata kwenye mfereji wa mtaa, na mfereji uliletewa na Mzima. Bomba la Mzima lilifunguliwa mwaka 1957. Linatoka kwenye chemchemi zilizo ndani ya Tsavo, linasafiri kilomita 220 hivi hadi Mombasa, na maji yake huteremka yenyewe, kwa kuwa chemchemi iko juu nasi tuko chini. Lipo bomba jingine lililokuja baadaye, la Baricho, kando ya mto Sabaki, ambako maji huvutwa kutoka visimani na kusukumwa kwa umeme kwenda Malindi, Kilifi na Mombasa. Vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu niliwaambia waanze kwa kuyatazama mabomba haya mawili. Ukishajenga la Mzima, mteremko haukuletei bili. La Baricho, kila ndoo inayofika imebeba umeme wake, leo, kesho na mwaka ujao. Maisha yangu ya kazi yote yamepita ndani ya tofauti hiyo, isipokuwa mimi sikuwa mtu wa maji ya kunywa. Nilikuwa mtu wa maji ya shamba: nilipima pampu za kunyweshea, nikasema ipi yafaa, ipi haifai, na kwa nini.

Niliingia Mombasa Polytechnic mwaka 1973, chuo kilichotokana na ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Nilisomea ufundi wa mitambo. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, bei ya mafuta ya dunia ilianza kuruka, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ilikuwa imepanda kama mara nne. Tulikuwa tukijifunza injini ya dizeli wakati dizeli yenyewe inageuka kuwa kitu cha kuhesabiwa kwa kikombe. Mwalimu wetu wa mitambo alifuta mfano mmoja ubaoni na kuuandika upya kwa bei mpya, na jibu likabadilika: mtambo uliokuwa na faida ukawa na hasara, bila hata skrubu moja kulegea. Jambo hilo lilinikaa.

Kazi ya kwanza niliipata kwenye karakana moja ya Changamwe. Tulitengeneza injini na pampu za wakulima, za machimbo ya kokoto, na za majahazi. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Mikindani, rafiki ya baba, nami nikimwita ami. Hakusoma, lakini alilijua jambo ambalo wengi waliosoma hawalijui hadi leo. Siku moja nilihangaika na pampu iliyokuwa ikizunguka vizuri na haileti maji.

"Ami, hii yavuta lakini maji hayaji."

"Mwanangu, pampu haivuti maji," akasema. "Pampu yatoa hewa. Maji yasukumwa na hewa ya nje. Kama hewa yapata mahali pa kuingilia, nani atayasukuma?"

Akachukua povu la sabuni, akalipaka kwenye kiungo cha hosi ya kuvutia, na povu likanyonywa ndani mbele ya macho yangu. Kiungo kilikuwa kinavuja hewa. Maneno yake ni fizikia kamili. Uzito wa hewa ya dunia unaweza kuyanyanyua maji mita 10 na kidogo tu, pale usawa wa bahari, na kwenye kazi halisi, ukitoa msuguano wa hosi na vali na hewa inayojificha majini, ni salama kubaki kwenye mita 6. Kupita hapo huwezi kuilazimisha pampu hata ukiifunga injini ya lori. Ukiiweka juu sana ya mto, maji huanza kuchemka ndani yake bila moto. Vipovu vinazaliwa na kupasuka kwenye impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, na pampu hulia kama changarawe ndani ya debe. Chuma huliwa polepole hadi kinabaki na vishimo. Ami aliutambua mlio huo akiwa amesimama mlangoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilichukuliwa na ofisi moja iliyokuwa ikikagua pampu za wakulima wadogo Pwani na bonde la Tana. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Lazima nieleze kwa nini Tana ilitaka pampu. Mto ulipokuwa huru ulifurika misimu ya mvua za nyanda za juu, na Wapokomo walilima kwa kuyafuata mafuriko: mpunga kwenye mabonde yaliyoachwa na maji, migomba na miembe kwenye kingo. Hawakuhitaji kuyapandisha maji, mto uliyapandisha. Kisha yakajengwa mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, halafu Kiambere 1988. Mabwawa yaliwasha taa za Nairobi na Mombasa, lakini yalitengeza mto mwingine. Mafuriko madogo ya kila mwaka, yale yaliyokuwa mazuri, yakapungua. Mkulima aliyekuwa akiletewa maji na mto sasa anayatazama yakipita chini ya ukingo, mita 4, mita 5 kutoka miguuni pake. Mita hizo 5 ndizo alizotakiwa kuzinunua kwa mafuta. Sijawahi kuona hesabu ya faida ya umeme iliyoziweka mita hizo upande wa gharama, na ninaamini zilistahili kuwekwa.

Vyombo vyetu vilitosha nyuma ya pikapu: geji mbili, moja ya kupima mvuto na moja ya kupima msukumo, saa ya kusimamisha, kipima mzunguko cha kugusisha kwenye shafti, utepe na darubini ya kupimia kimo, pipa la lita 200, bamba la chuma lililokatwa pembe ya digrii 90 la kuweka kwenye mtaro, na chupa ya mafuta yenye alama, ambayo niliithamini kuliko vyote. Bamba lile ni chombo kizuri ajabu. Maji yanapita kwenye pembe, unasoma kina chake, na kina peke yake kinakwambia kiasi. Yakisimama sentimita 20 juu ya ncha ya pembe, yanapita lita 25 hivi kwa sekunde.

Hesabu inayofuata haihitaji shahada. Chukua lita zinazotoka kwa sekunde, zidisha kwa mita zinazopandishwa, gawanya kwa 102: umepata kilowati zilizoingia majini. Pampu ikitoa lita 10 kwa sekunde, na kimo chote pamoja na msuguano wa mabomba kikiwa mita 12, nguvu ya maji ni kilowati 1.2 hivi. Sasa tazama chupa ya mafuta. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Sehemu kubwa huenda na joto na moshi, na hilo halina dawa. Lakini Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, katika jimbo ambalo wakulima wake wananywesha kwa maelfu ya mitambo, kiliweka kipimo tangu miaka ya 1950: mtambo wa dizeli uliochaguliwa vizuri na kutunzwa hutia majini kilowati-saa 2.5 hivi kwa kila lita. Wa umeme hutia majini kama asilimia 66 ya umeme unaolipiwa. Kwa hivyo mtambo wetu wa mfano ungestahili kutumia nusu lita kwa saa. Ukitumia lita nzima, nusu ya pesa za mwenye shamba zinapotea, na hakuna anayeziona zikipotea, kwa sababu maji yanatoka.

Injini ndogo za kwetu hazifiki kipimo cha Nebraska, nasi tuliziwekea kiwango cha chini kidogo, cha haki. Hata hivyo nyingi hazikukifikia. Kunywesha ekari moja kwa kina cha milimita 50 kunataka mita za ujazo 200. Kwa kimo cha mita 10, mtambo wa kiwango hutumia dizeli lita 2 na ushei. Nilikuta mitambo inayotumia 5 au 6 kwa kazi hiyo hiyo, na mtaro wa udongo ukimeza nusu ya maji kabla hayajaufikia mgomba.

Sababu ziliyajaza madaftari yangu, na nyingi hazikuwa za pampu yenyewe. Mtu amenunua pampu ya inchi 3, akaifunga bomba la inchi 2 kwa kuwa ndilo aliloliweza. Kwa kiasi kile kile cha maji, msuguano ndani ya bomba hilo ni zaidi ya mara 7. Alichokiokoa dukani anakilipa kila asubuhi kwa miaka. Mwingine amefungua moto wa injini hadi mwisho akidhani ndiyo bidii. Lakini mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayotakiwa huongezeka mara 8, na maji mara 2 tu. Mwingine vali yake ya chini imezibwa na magugu. Na Tana na Sabaki ni mito ya tope: mchanga laini unasaga impela na pete zake mwaka baada ya mwaka, nafasi inapanuka, maji yanazunguka humo humo ndani ya pampu badala ya kwenda shambani. Impela mpya ikipimwa mbele ya macho ya mkulima, kando ya ile ya zamani iliyobaki nusu ya unene, ilifundisha kuliko mkutano wa baraza.

Nakumbuka kikundi kimoja cha kina mama kando ya Tana, chini kidogo ya Hola. Pampu yao ilikuwa imara na safi kuliko nyingi. Lakini bomba la kutolea walikuwa wamelisimamisha juu ya nguzo ya mti, na maji yalimwagika kutoka kimo cha mtu mrefu akiwa ameinua mikono, yakaanguka mtaroni. Yalikuwa yakionekana kutoka ng'ambo ya mto. Nilipima: mita 6 za ukingo, mita 2 na nusu za nguzo, na msuguano wa mita 1 na nusu. Robo ya mafuta ilikuwa ikitumika kuyapandisha maji juu ya nguzo ili yapate kuanguka.

Nikamwambia mwenyekiti wao, mama wa makamo aliyekuwa akiweka hesabu zote kichwani. Hakukubali.

"Mwanangu, tuliyainua ili yaende mbali," akasema. "Yakitoka chini yatafika kweli kule mwisho?"

"Mama, yakishaanguka hayakumbuki yalitoka juu gani. Yanafuata mteremko wa mtaro tu. Lakini usiniamini mimi. Shika chupa."

Nikampa chupa ya mafuta. Tukaendesha pampu kama ilivyo, yeye akisoma alama na mwenzake akihesabu mapipa. Kisha vijana wakalishusha bomba hadi mtaroni, tukapunguza moto hadi kiasi cha maji kikawa kile kile, tukaanza upya. Alisoma alama mara mbili, akanyamaza, akamwita mweka hazina aje asome naye. Jioni ile bomba lilikatwa. Kipande kilichobaki akaagiza kilazwe chini ya njia ya ng'ombe, ili mtaro upite bila kukanyagwa. Sikuwa nimefikiria hilo, alilifikiria yeye.

Ndiyo sababu nimekuwa nikishikilia kwamba mkulima ashike kipimo mwenyewe. Ripoti inayokwenda ofisini haimpunguzii mafuta.

Na ripoti zenyewe zilikuwa vita. Fomu tuliyopewa ilikuwa na visanduku viwili kwa kila mtambo: inafanya kazi, haifanyi kazi. Nilimwuliza mkubwa mmoja pampu inayotumia mafuta mara tatu niiandike wapi. Akaniuliza kama maji yanatoka. Nikasema yanatoka. "Basi andika inafanya." Nilitia alama aliyotaka, lakini chini ya kila fomu niliandika mistari miwili: lita za mafuta kwa ekari, na bei yake kwa siku hiyo. Miaka kadhaa mistari ile haikuulizwa na mtu. Kisha wafadhili wakaanza kuuliza kwa nini vikundi vinashindwa kulipa mikopo ya pampu ambazo zote zinafanya kazi, na mistari ile ndiyo iliyokuwa na jibu.

Niseme sasa juu ya Hola na Bura, kwa sababu hakuna mtu wa pampu wa Kenya anayeweza kuzipita. Hola ilianzwa mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, na mitaro yake ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau. Ni hapo ambapo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Nilipotembea kwenye mitaro ile nilikuwa nikijua naitembelea kazi ya nani. Skimu iliendelea baada ya uhuru kwa pamba, ikivuta maji ya Tana kwa pampu. Mwaka 1989 mto ulihama. Tana ni mto unaohama, kila Mpokomo mzee anaweza kukuonyesha mito ya zamani iliyokauka. Mtambo ukabaki umesimama mahali ambapo maji hayapo tena, na mashamba yakalala kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Pampu nzuri haikuwa na kosa lolote. Aliyeikagua kwa geji na chupa peke yake angeipa alama zote. Tangu hapo niliongeza swali moja kwenye ukaguzi wangu, ambalo huulizwa kwa wazee wa kijiji: mto ulikuwa wapi ulipokuwa mtoto?

Bura ni kisa kizito zaidi. Mpango wake wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, ulikuwa kunywesha hekta 6,700 na kuwahamishia huko maelfu ya familia zisizo na ardhi kutoka kila pembe ya nchi. Maji yalitakiwa hatimaye yateremke yenyewe kwenye mfereji mrefu kutoka juu ya mto. Kwa kuanzia, kwa muda tu, yavutwe kwa pampu za dizeli pale Nanigi. Familia za kwanza ziliingia mwaka 1981. Lakini mwaka 1979 bei ya mafuta ilikuwa imepanda kwa mara ya pili, gharama za ujenzi zikavuka makadirio, hekta zilizolimwa zikaishia kama 2,500, na mfereji wa mteremko haukujengwa. Pampu za muda zikawa za kudumu. Zikasaga tope la Tana, zikanywa dizeli iliyosafirishwa kwa barabara mbovu, na zilipokuwa zikisimama katikati ya msimu, pamba ya watu ilikauka mashambani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 skimu ilikuwa imeanguka. Ujenzi wa kuibadili ili maji yateremke ulianza kwa dhati miaka ya 2010 tu.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya Bura: udongo, usimamizi, bei ya pamba, mti wa mathenge uliovamia. Yote ni kweli. Lakini ninaiweka pampu mbele ya yote. Uamuzi wa kuyapandisha maji ya maelfu ya hekta kwa dizeli, mahali pa mbali vile, ulikuwa ni uamuzi wa kuwafunga wakulima maskini kwenye bei inayopangwa nje ya nchi, na hawakuulizwa. Familia iliyotoka bara na mabegi yake haikuambiwa kwamba mvua yake itakuwa ni lori la mafuta. Hilo liliniuma, na bado laniuma.

Mambo hayo si ya Tana pekee. Ahero, kwenye nyanda za Kano, mpunga hunyweshwa kwa maji ya mto Nyando yanayovutwa kwa umeme; karibu na mwaka 2000 skimu ilisimama, deni la umeme likiwa miongoni mwa mizigo iliyoiangusha, kisha ikafufuliwa. Jirani yake, Kano Magharibi, pampu hupandisha maji ya Ziwa Viktoria kuyaingiza shambani, na pampu nyingine huyatoa. Wakulima wa huko hulipia maji yakiingia na yakitoka. Ilhali Mwea, iliyokaa chini ya Mlima Kenya, huteremshiwa maji, nayo imedumu tangu miaka ya 1950.

Kwa wadogo, chombo kilichonifurahisha zaidi ni pampu ya kukanyaga iliyotoka Nairobi miaka ya 1990, MoneyMaker. Haina mafuta. Nilizipima kadhaa Rabai na Taveta. Mtu mmoja mwenye afya hutia majini kiasi kidogo cha nguvu, makumi machache ya wati tu kwa saa nyingi, na hakuna uhunzi utakaoibadili miguu. Lakini inatosha nusu ekari ya sukuma na nyanya, na anayeikanyaga anajua gharama ya kila mita kuliko mhandisi yeyote.

Nilistaafu mwaka 2014, mwaka ule ule mradi wa Galana-Kulalu ulipozinduliwa, na shamba la mfano la ekari 10,000 la kunyweshwa kwa maji ya kuvutwa kutoka mto Galana. Vijana walinipigia simu kuniuliza maoni yangu. Nikawauliza: mita ngapi, kwa nishati gani, na nani atalipa mwaka wa ishirini? Nitaendelea kuuliza hivyo kwa kila mradi nitakaousikia.

Sasa zimekuja pampu za jua, na watu waniambia kazi yangu imekwisha, kwa kuwa jua halina bei. Pwani yetu jambo hilo linataka uangalifu mkubwa. Kuanzia Likoni hadi Mtwapa na kuendelea, maji matamu ya visimani yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa matumbawe, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Wanasayansi wawili, Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walieleza hesabu yake zaidi ya karne iliyopita: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiyashusha kwa nusu mita, chumvi inajongea juu kwa mita 20. Zamani bei ya dizeli ilimzuia mtu kuvuta kupita kiasi. Jua halimzuii. Pampu inaamka alfajiri, inavuta hadi magharibi, na mwenyewe yuko kazini mjini.

Ndiyo maana katika ukaguzi wangu wa siku hizi, ninaoufanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi wanaonijia Jomvu Kuu siku za mapumziko, kipimo cha chumvi kimechukua nafasi ya chupa ya mafuta. Kwa viwango vya FAO, maji ya chini ya 0.7, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, hayana tatizo kwa zao lolote. Yakipita 3, mazao mengi yanaumia sana. Shamba moja la mboga karibu na Mtwapa, mali ya dada mmoja mwalimu, kisima chake kilianza asubuhi na 1.1 na kufika 1.9 alasiri. Alikuwa ametuita tumkadirie paneli zaidi na pampu kubwa.

"Mzee, wateja wangu wanataka mboga mara mbili ya hizi," akasema. "Jua ninalo. Nifanyeje?"

Tulikaa naye chini ya mwembe tukamchorea kisima chake kwa mkaa kwenye ubao: matamu juu, chumvi chini, na mahali hosi ilipo. Tukakubaliana paneli zibaki zile zile, mwendo wa pampu upunguzwe, tangi liinuliwe kidogo tu ili maji ya usiku yatumike kwa matone, na kisima kipumzike kuanzia saa nane mchana. Kila siku anapima asubuhi na kabla ya kuzima, anaandika kwenye daftari la shule. Kiangazi cha kaskazi namba zilipanda hadi 2.2, masika yalipokwisha zikarudi 1.3. Ametaka kupanda vitunguu, ambavyo havivumilii chumvi. Nimemwomba asubiri kwanza tuone namba za vuli, na vijana wanakwenda kwake Jumamosi kubadilisha vali ya chini.